Mzee wa Kanisa, Kazi Isiyo na Mshahara

Ibada ikiisha katika usharika wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), waumini hutoka nje kwenye mnada wa mikungu ya ndizi na mayai. Wazee wa kanisa hubaki ndani. Sadaka inamwagwa mezani, sarafu zinapangwa, noti zilizokunjwa zinanyooshwa; zinahesabiwa, zinarudiwa, kisha waliohesabu wanatia saini. Bahasha za ahadi nazo huandikwa moja moja, na aliyetoa kidogo siri yake inaishia hapohapo mezani.

Hiyo ndiyo sehemu nyepesi. Mzee ana jumuiya yake mtaani, na huko ndiko anakochoka. Simu inalia usiku: kuna msiba. Anatangulia kwa wafiwa, anampigia mchungaji, anapanga ratiba ya mazishi na ndugu ambao pengine hata hawasalimiani. Wiki hiyohiyo kuna wanandoa wa kusuluhisha, bibi mgonjwa anayetaka kuletewa Chakula cha Bwana nyumbani, na kijana anayehamia mji mwingine anayehitaji barua ya utambulisho. Nauli ni yake mwenyewe. Lawama pia, maana michango ya ujenzi ikichelewa ndiye anayetumwa kubisha hodi.

Wapo wazee wakali kupita kiasi, sikatai. Lakini wengi wana shamba au duka linalowasubiri, na kwa utumishi huu hawalipwi mshahara. Jumapili ijayo, mzee wako akikuomba ubaki kidogo kusaidia kupanga viti, baki.