Sekunde tano zisizo tano: Hati za kompyuta nazo zinahitaji mhariri

MWANAFUNZI wangu wa zamani alinipigia simu asubuhi moja kutoka ufuo wa Dunga, hapa Kisumu, sauti imemkauka. Kijana huyu nilimfundisha isimu kabla hajahamia kompyuta. Alikuwa amewaandikia akina mama wanaonunua samaki kwa jumla programu ndogo ya kunakili uzani: jina la mvuvi, aina ya samaki, kilo, saa. Siku hiyo umeme ulipotea katikati ya upimaji. Uliporudi, tarakilishi iliwaka vizuri, faili lilikuwapo na lilifunguka bila kasoro. Kilichokosekana ni makreti manne ya mwisho ya mbuta. Samaki wenyewe walikuwa wamekwisha kupakiwa kwenye lori la barafu, wamechanganywa na wengine, na wavuvi walikuwa wanadai pesa zao.

Nilipofika, mama mmoja alinitazama kama kwamba mimi ndiye niliyeizua kompyuta. “Mwalimu, hii mashine yenu imekula samaki yangu.” Sikuwa na moyo wa kumsahihisha ngeli.

Kijana alikuwa na utetezi wake. “Lakini Prof, nilisoma maelezo. Yalisema umeme ukienda, napoteza sekunde tano za kazi, basi. Hapa imeenda karibu nusu dakika!”

Nikamwomba anionyeshe hayo maelezo. Hapo ndipo nilipogundua kwamba kesi hii si ya fundi wa umeme. Ni ya mwalimu wa lugha.

Kwanza tuelewane kuhusu vitu vyenyewe. Ndani ya kila mfumo endeshi mna sehemu ya katikati inayozungumza na mashine moja kwa moja, tuiite kiini. Kiini cha Linux, kilichoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, ndicho kilichomo katika tarakilishi ya kijana huyu na katika kila simu ya Android inayolia hapo Kibuye sokoni. Kiini hicho kina mifumo ya faili, yaani taratibu za kujua ni pembe gani ya diski imebeba nini. Na kwa kuwa wanaokitunza ni watu wengi waliotawanyika duniani, kila mfumo una hati zake za maelezo zinazosafiri pamoja na programu yenyewe. Mfumo uliokuwa Dunga unaitwa ext4.

Sasa sikiliza kisa cha sentensi moja. Mtangulizi wa ext4, yaani ext3, aliingia katika kiini mwaka 2001. Hati yake ilimwambia msomaji kwamba mfumo huandika mambo diskini kila baada ya sekunde tano, kwa hiyo umeme ukikatika atapoteza kazi ya sekunde tano za mwisho, na si zaidi. Kwa mpangilio wa kawaida wa ext3, kauli hiyo ilikaribiana sana na ukweli.

Kisha ikaja ext4, iliyotangazwa kuwa tayari kwa matumizi ya kawaida mwezi Desemba 2008. Hii ilileta maarifa mapya: kuchelewesha kutenga nafasi. Mfikirie karani wa ufuoni. Wa zamani aliandika kwenye daftari kila kreti lilipotoka kwenye mizani. Karani mpya anashika hesabu kichwani, anasubiri makreti yawe mengi, kisha anayaandika yote kwa mkupuo kwenye ukurasa mmoja uliopangika. Kazi inakwenda mbio na daftari linapendeza. Lakini mvua ikinyesha ghafla karani akakimbia, yale ya kichwani yameondoka naye.

Utaratibu ulibadilika, sentensi haikubadilika. Ilihamishwa kutoka hati ya ext3 hadi ya ext4 ikiwa na neno lake lilelile, “kazi”. Kwa miaka kadhaa hati ikawa inaahidi jambo ambalo mfumo haukulitimiza tena. Hakuna aliyekusudia kudanganya. Ni sentensi tu iliyozeeka mahali pake, na wapitao wakaiona imetulia wakadhani ni kweli.

Baadaye ilirekebishwa, na kwa haki marekebisho hayo yanastahili sifa. Hati sasa inasema kwamba kinachopotea ndani ya zile sekunde tano ni mabadiliko ya metadata, na inaongeza onyo kwamba kwa sababu ya ucheleweshaji ule, hata data ya kitambo zaidi inaweza kupotea. Neno moja limetoka, jingine limeingia, na maana yote imegeuka. Nimewahi kuhariri tasnifu za kurasa 300 ambazo hazikupata faida kubwa kiasi hicho kutokana na kalamu yangu.

Hata hivyo, mhakiki hapaswi kuishia kwenye pongezi. Kurasa mpya zina ukweli zaidi, lakini hazina huruma zaidi. Kwanza, hazimfafanulii msomaji metadata ni nini. Kumbe ni taarifa kuhusu faili, kama vile jina, ukubwa na tarehe, wala si yaliyomo. Kwa mama wa Dunga, tofauti hiyo ni ya ganda la daftari na kilo zilizoandikwa ndani. Pili, ukitaka kujua data inaweza kukaa muda gani kabla ya kuanza kuandikwa, hati haikwambii. Inakuelekeza kwenye mpangilio mwingine unaohesabiwa kwa sehemu za mia za sekunde. Ukiufikia unakuta thamani ya kawaida ni 3000. Gawanya kwa mia: sekunde 30. Ndiyo ile nusu dakika ya kijana wetu! Jibu lilikuwapo, ila limefichwa katika chumba cha pili, kwa kipimo ambacho hakuna mtu anayekitumia kuhesabu muda wa maisha yake. Tatu, nakala ya zamani haikuwa na alama yoyote ya kumtahadharisha msomaji. Kijana aliichukua siku nyingi zilizopita, akaitunza, akaiamini.

Kuhusu hili la tatu, linganisha na hati nyingine ya kiini hichohicho, ile inayoeleza tabaka la jumla ambalo mifumo yote ya faili hupitia. Ilianzwa na Richard Gooch, na kwa miaka mingi baadhi ya sehemu zake zilijitambulisha wazi kwamba zinaeleza hali ya toleo la 2.6.22, ambalo ni la mwaka 2007. Watu waliicheka kwa uzee wake. Mimi naiheshimu. Hati inayotaja umri wake haijamdanganya mtu; imemwambia msomaji, “Mimi ni wa siku zile, endelea kuuliza.” Hatari ni ile isiyo na tarehe.

Kuna na suala la nani analaumiwa. Mapema mwaka 2009 baadhi ya watumiaji wa ext4 walikuta mafaili yao yamebaki matupu baada ya mashine kuzimika ghafla. Mhandisi mkuu wa mfumo huo, Theodore Ts'o, alieleza kwamba programu inayotaka uhakika sharti iagize kwa amri maalumu, fsync, kwamba data ifikishwe diskini sasa hivi. Kiufundi alikuwa sahihi, na zaidi ya hayo kinga iliongezwa kwa ajili ya programu zisizotoa amri hiyo. Lakini hati inayoeleza kinga hiyo inaziita programu hizo mbovu. Hebu tafakari: hati ileile iliyomwahidi mwandishi wa programu sekunde tano ikamwita mbovu kwa kuiamini ahadi hiyo. Huo si uungwana.

Sasa tugeukie nyumbani. Katika menyu zetu za Kiswahili, kitufe cha kuweka faili kimeandikwa “Hifadhi”. Neno zuri, lakini lina sura mbili. Mtu huhifadhi mali sandukuni, na mtu huhifadhi Kurani moyoni. Moja ni kuweka mahali pa salama, nyingine ni kushika kichwani. Kompyuta yenye ext4 hufanya yote mawili kwa zamu, na skrini inatamka neno lilelile: “imehifadhiwa”. Kwa kichwa au kwa sanduku? Ningependekeza maandishi yetu yatenganishe: data imepokelewa, kisha data imefika diskini. Hatuhitaji kamati kuunda istilahi hapo. Maneno tunayo.

Nasema hivyo kwa kuwa tumetumia wino mwingi kwenye majina. Tumegombana miaka na miaka: kompyuta, tarakilishi au ngamizi? Kazi njema imefanyika, na sitaibeza. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitupa Jambo OpenOffice mwaka 2004, na tangu hapo programu nyingi zimepata menyu za Kiswahili. Lakini menyu ni majina ya milango. Nani ameandika kwa Kiswahili ukurasa mmoja wa kueleza kinachotokea ukishaingia ndani, umeme ukapotea?

Wengine wameanza. Ndani ya hati za kiini cha Linux zimo tafsiri za Kichina, Kiitaliano, Kijapani, Kikorea na Kihispania. Wachina wametafsiri hata baadhi ya kurasa za mifumo ya faili. Kiswahili hakimo. Watakaoniambia tukimbie kutafsiri, nawaomba wapunguze mwendo. Kisa cha sekunde tano kinatufunza kwamba tafsiri isiyo na mtunzaji ni nakala nyingine ya zamani inayosubiri kumwangusha mtu. Hao waliotutangulia huonyesha kila ukurasa umetoka katika hati gani ya asili, na kipo chombo cha kukagua ni tafsiri zipi zimeachwa nyuma. Nidhamu hiyo ndiyo ya kuiga kwanza. Ni afadhali kurasa tatu za Kiswahili zenye tarehe na mtu wa kuziangalia kila toleo jipya linapotoka, kuliko kurasa 300 zilizozinduliwa kwa shangwe hotelini kisha zikaachiwa vumbi. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Vyuo vyetu vya kandokando ya ziwa, kuanzia Maseno hadi Bondo, vina idara za Kiswahili na idara za kompyuta, na mara nyingi kinachozitenganisha ni ngazi tu. Mwanafunzi wa huku na mwenzake wa kule wanaweza kuchukua ukurasa mmoja, wakaujaribu kwenye mashine, wakauandika kwa lugha ambayo karani wa ufuoni ataielewa. Nchi iliyolala gizani karibu yote usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 haina ruhusa ya kuipuuza sentensi inayoanza na “umeme ukikatika”.

Nami naanza na hii yangu: “Umeme ukikatika, jina la faili linaweza kubaki na yaliyomo yakapotea. Maandishi ya nusu dakika iliyopita, au zaidi kidogo, huenda bado hayajafika diskini. Kama huwezi kuyapoteza, agiza yaandikwe sasa.” Chini yake nitatia tarehe, ili atakayenikosoa ajue pa kuanzia.

Kijana wetu amekwisha kuirekebisha programu. Kila kreti likipimwa, inaagiza uandishi, inangoja, ndipo inaandika kwa herufi kubwa: IMEFIKA. Inachelewa kidogo. Akina mama wanasubiri neno hilo kabla ya kumruhusu mtu kugusa samaki. Kuhusu yale makreti manne, walikaa chini ya mti na wavuvi, wakakumbushana kilo moja baada ya nyingine, wakagawana hasara.