Vishubaka vya James Murray
Kivumishi cha Kiingereza "dilapidated" husemwa juu ya nyumba iliyotelekezwa ikachakaa: paa linavuja, lipu imebanduka, milango inaning'inia. Nyama iliyovunda haiitwi hivyo, wala maziwa yaliyochacha. Mipaka myembamba kama hii ndiyo inayonifanya nimheshimu mtunzi wa kamusi kuliko mafundi wengi.

James Murray, mtoto wa mshonaji wa kijiji cha Denholm huko Uskoti, alikabidhiwa mwaka 1879 uhariri wa kamusi inayojulikana leo kama Oxford English Dictionary. Wasomaji wa kujitolea walimpelekea vikaratasi: neno kwenye pembe ya juu, kisha mwaka, mwandishi, kitabu, ukurasa, na sentensi nzima kama ilivyochapwa. Vikawekwa katika vishubaka ndani ya kibanda cha mabati bustanini kwake.

Hakuanza na maana. Alianza na vikaratasi. Akavipanga kwa tarehe, akavisoma, akavigawa mafungu kadiri matumizi yalivyoachana, ndipo akatafuta fasili itakayozienea sentensi zote za fungu moja. Ikibaki moja isiyoenea, fasili hiyo haijakamilika. Tena wasomaji walipenda vioja wakayapita maneno ya kila siku: "abusion", neno adimu, lilipata dondoo kama 50, na za "abuse" hazikufika 5. Pengo la namna hiyo halizibiki kwa akili ya mhariri. Ilibidi vitabu vifunuliwe upya. Aliishi hivyo hadi kufa kwake mwaka 1915, na kamusi ikakamilika 1928.

Herufi D aliihariri mwenyewe, kwa hiyo neno letu lilipita mikononi mwake. Asili yake ni kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kufuja mali, na ndani yake mna "lapis", jiwe: kutapanya kama mawe. Sheria ya Kanisa la Uingereza ililitumia kwa kasisi aliyeiacha nyumba ya parokia ibomoke mikononi mwake. Nadhani ndiyo maana kivumishi hiki bado kinanuka uzembe. Jengo lililoangushwa jana na tetemeko la ardhi halikifai. Linalokifaa ni lile ambalo kwa miaka hakuna aliyelipandia ngazi kubadilisha kigae. Na mpaka leo, mfanyabiashara wa London anaporudisha ofisi ya kupanga katika hali mbovu, mwenye jengo humtumia orodha ya matengenezo anayomdai, na dai hilo huitwa "dilapidations".