Kalamu Kabla ya Kompyuta

Miongoni mwa kazi zistahilizo sifa, na ambazo aghalabu hazisifiwi kwa kuwa hazibakizi alama machoni pa watu, ni kupanga programu ya kompyuta kabla haijaandikwa. Nami kazi hiyo naiweka daraja ya juu kuliko uandishi wenyewe.

Tumtazame kijana wa hapa Ganjoni, Mombasa, atakaye kutunga programu ndogo ya kugawa mirathi, ili warithi wajue mafungu yao kabla ya kufika kwa Kadhi. Akiikimbilia kompyuta, ataandika upesi kwamba mke hupata thumuni palipo na watoto na robo pasipo watoto, na programu itajibu. Lakini akitua akatwaa karatasi, ataona ya kwamba mirathi haianzi kwa mafungu: hutangulia gharama za maziko, yakafuata madeni, kisha wasia usiozidi theluthi ya kilichosalia, na mwenye kuipindua tartibu hii, ijapokuwa kwa mstari mmoja, amekwisha kumdhulumu mwenye kudai au yatima kwa hesabu isiyo na kosa la kujumlisha.

Kisha na ajaribu kwa mkono. Amefariki mwanamke, warithi wake ni mume na dada wawili wa baba mmoja mama mmoja, basi. Mume ana nusu, dada wana theluthi mbili: mafungu matatu na manne, jumla saba, na mali ina sita! Mafakihi walikwisha kulitatua hilo tangu kale kwa awli, mali ikagawanywa kwa saba, mume akapata tatu na dada nne, kila mmoja akipungukiwa kwa kadiri ya fungu lake. Karatasini jambo hili hujitokeza mara moja. Ndani ya programu huweza kujificha hadi msiba wa watu.

Al-Khwarizmi, aliyekuwa Baghdad katika karne ya 9, alitenga sehemu kubwa ya kitabu chake cha aljebra kwa mirathi na wasia, akaeleza kila hatua kwa maneno, bila alama za hesabu. Ndiyo maana mpango ulioandikwa kwa Kiswahili safi nauthamini mno: kijana aweza kuuchukua hadi Mji wa Kale, kwa mwalimu wa faraidhi, yaani elimu ya mirathi, asiyejua kompyuta kabisa, naye akausoma wote, akauliza: “Na mtoto aliye tumboni, umemweka wapi?”