Taa Nyekundu Zisizosema Kweli

Msomaji wa Hombo aweza kushangaa akituona tunasema habari za nyambizi, yaani merikebu za vita ziendazo chini ya maji. Sisi hapa tuna mto wetu na barabara ya Bukavu kwenda Walikale, na bahari iko mbali. Lakini neno tunalotaka kulipima leo si la bahari peke yake. Ni hili: watu wakitunza chombo cha zamani ili watoto wao wajifunze, je, yawapasa kuutunza na mwanga wake?

Nyambizi kadhaa za Vita Kuu ya Pili zimekuwa nyumba za makumbusho. Mjini Chicago, Marekani, iko U-505 ya Wadachi, iliyotekwa mbele ya pwani ya Afrika Magharibi tarehe 4 Juni 1944, ikapelekwa kwenye makumbusho yale mwaka 1954. Bandarini San Francisco iko Pampanito, iliyoshushwa majini mwaka 1943. Waingereza nao wanayo Alliance huko Gosport, waliyoifungua upya mwaka 2014 baada ya matengenezo makubwa. Mgeni hulipa, huinama katika milango myembamba, huona mitambo na vitanda vilivyobanana. Kila kitu chaonekana kimehifadhiwa vema. Lakini kitu kile kinachomwezesha kuviona vingine vyote, yaani taa, mara nyingi ndicho kisicho cha kweli.

Katika vyombo vya namna hii twaona makosa mawili. La kwanza ni kutia taa nyeupe kali, kama za duka jipya, mpaka pembe zote zinang'aa. Kosa hili ni la uvivu tu, wala halimdanganyi mtu sana, kwa maana kila mgeni hutambua kwamba taa zile ni za juzi. La pili ni baya zaidi: kutia taa nyekundu kila mahali, toka mbele hata nyuma, ili mgeni aone hofu kama aliyoiona katika sinema. Taa hizo zajidai kuwa za zamani. Mtoto wa shule akitoka mle atasimulia kwamba mabaharia walikula, walilala na kuandika barua zao katika mwanga kama wa damu. Sivyo ilivyokuwa.

Kisa cha taa nyekundu chaeleweka na kila mtu aliyetoka usiku katika nyumba yenye taa. Ukifika uani husimama kidogo, maana njia huioni, hata kama mwezi upo. Macho hayajazoea giza. Yahitaji karibu nusu saa ili yazoee kabisa, na ukirudi ndani dakika moja tu umepoteza yote, huna budi kuanza upya. Sasa mfikirie baharia atakayepanda juu usiku kuwatafuta adui kwa macho yake. Je, atangoje nusu saa? Walipata dawa yake: ile sehemu ya jicho ionayo gizani haisumbuliwi sana na mwanga mwekundu. Kwa hiyo usiku, kabla ya kuibuka, waliwasha taa nyekundu katika vyumba vya uongozi. Tena wengine walivaa miwani yenye vioo vyekundu kabla ya zamu yao.

Hiyo miwani yatosha kuwa ushahidi. Kama nyambizi nzima ingekuwa nyekundu, miwani ingekuwa ya nini? Ilivaliwa kwa sababu vyumbani mwa kulia na kupumzikia taa za kawaida zilikuwa zinawaka. Basi wekundu ule ulikuwa na saa yake, mahali pake na kazi yake. Ukiutandaza mchana kutwa umeifuta kazi hiyo, na mgeni hajifunzi neno lolote juu ya werevu wa watu wale.

Na hizo taa za kawaida zilikuwaje? Zilikuwa balbu zenye uzi unaowaka, mwanga wake wa manjano kidogo, na mara nyingi balbu imefunikwa kwa kioo kinene na wavu wa chuma. Chini ya maji nguvu yake ilitoka katika betri. Nyambizi za namna ya Pampanito zilikuwa na betri mbili, kila moja yenye seli 126, na betri hizo hizo ndizo zilizoendesha chombo. Taa na mwendo vilikula chungu kimoja. Na bomu la adui lilipopasuka karibu, balbu zilivunjika, watu wakabaki na taa za dharura na tochi. Makumbusho ambayo kamwe hayamwonyeshi mgeni hata dakika moja ya giza yameacha sura nzima ya kitabu.

Wengine watasema balbu za uzi zaleta joto, zala umeme, tena siku hizi ni shida kuzipata, kwani Ulaya walianza kuziondoa sokoni mwaka 2009. Kweli. Sisi hatudai uzi. Taa za LED zapatikana zenye rangi ya manjano ile ile, nazo zaweza kutiwa ndani ya kioo cha zamani bila kukiharibu. Kinachodaiwa ni rangi, nguvu na mahali. Wala hakuna haja ya kubahatisha: vitabu walivyofundishiwa mabaharia wa Kimarekani vyaeleza mipango ya umeme, na watunzaji wa Pampanito wamevitoa hadharani ili kila mtu avisome. Kwa jambo hilo twawasifu. Mwenye kitabu mkononi akichagua sinema, hana la kujitetea.

Wengine watasema mgeni atajikwaa. Neno hilo tunalipokea kwa heshima, maana mzee akivunjika mguu hatafarijiwa na historia. Lakini taa ndogo zilizofichwa chini, kwenye vizingiti, zinatosha kuonyesha hatua. Na maandishi ya maelezo yawekwe nje, kabla ya kuingia, si lazima yasomwe katika chumba cha mitambo.

Kwetu Maziwa Makuu hakuna nyambizi, lakini iko Liemba ya Ziwa Tanganyika, nayo ndiyo inayotufanya tuandike. Ilijengwa Papenburg mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikafungwa vipande vipande katika makasha yapata 5,000, ikaunganishwa Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915. Wazee wa Kalemie, wakati ule Albertville, walikuwa na sababu ya kuiogopa. Mwaka 1916 Wadachi wenyewe waliizamisha, wakiisha kuipaka mitambo yake mafuta mazito; Waingereza wakaiinua mwaka 1924, ikasafiri tena mwaka 1927 kwa jina jipya. Mvuke wake uliondolewa miaka ya 1970, ukaja dizeli. Mwaka 2023 serikali ya Tanzania ilitia sahihi mkataba wa kuitengeneza tena.

Hapa hatuwezi kudai kama tulivyodai kwa nyambizi. Liemba ni ya kubeba watu. Mama anayepanda usiku toka mtumbwini, mtoto mgongoni, ahitaji taa kali ya kisasa, na mtu asimletee habari za manjano ya mwaka 1915. Tunachoomba ni kidogo. Kabla fundi hajang'oa taa yoyote ya zamani, apige picha, aandike ilikuwa chumba gani na urefu gani toka sakafuni, kisha aitie katika sanduku lenye jina, pamoja na swichi yake na kipande cha waya. Sanduku moja tu, liwekwe Kigoma.