Nafasi ndani ya ganda: kwa nini maji huishinda mizani

Miongoni mwa Wamarekani wanaojijazia risasi nyumbani, wako wanaopima maganda matupu kwenye mizani na kuyatenga, mazito huku, mepesi kule. Hoja yao ni kwamba ganda zito lina kuta nene, kuta nene hula nafasi ya ndani, na baruti ileile ikiungulia mahali finyu zaidi hupandisha shinikizo. Fizikia yake haina kasoro. Kasoro iko katika kudhani kwamba uzito wote wa ziada umejificha ndani. Shaba njano ni nzito takriban mara 8.5 kuliko maji, kwa hiyo ganda linalomzidi mwenzake kwa greni 17 linapaswa kupoteza nafasi ya greni 2 za maji. Linapaswa, endapo maumbo ya nje ni mamoja. Lakini mfereji unaochongwa karibu na kitako, pale ndoano ya bunduki inaposhika, haulingani kutoka kiwanda hadi kiwanda, na shaba iliyobakizwa hapo huongeza uzito bila kuigusa nafasi ya baruti hata kidogo.

Maji hayana dhana hiyo. Chukua ganda la .308 Winchester, risasi iliyoingia sokoni mwaka 1952. Liwe limeshafyatuliwa katika bunduki ileile, wala lisirudishwe kwenye kalibu, maana shinikizo limelitanua likafuata umbo la chemba, na humo ndimo baruti inamoungua. Fataki iliyokwisha kulipuka huachwa mahali pake iwe kizibo. Ganda hupimwa likiwa kavu, hujazwa maji kwa bomba la sindano, hugongwagongwa mapovu yapande, kisha uso wa maji husawazishwa na mdomo: ukibenuka umezidisha, ukibonyea umepunja. Hupimwa tena, na tofauti ndiyo ujazo, kwa .308 karibu greni 56. Maganda ya kijeshi ya 7.62 NATO mara nyingi hupungua hapo, ndiyo maana anayeyatumia huonywa aanze na baruti pungufu.

Atasema mtu kwamba kosa la jicho pale mdomoni linaweza kulingana na tofauti yenyewe inayotafutwa. Ni kweli kwa ganda moja. Ndiyo sababu hupimwa maganda kadhaa ya fungu moja, yaliyokatwa kwa urefu mmoja, na wastani ndio unaoaminiwa. Kutenga ganda mojamoja kwa njia hii ni kazi ya bure. Pingamizi zito zaidi ni kwamba risasi haifyatuliwi ikiwa wazi juu: kichwa cha kitako bapa chenye kipenyo cha milimita 7.82, kikizama milimita 10 shingoni, huziba nafasi ya takriban greni 7.4. Hilo halibatilishi kipimo, kwa sababu kina cha kuzama hujulikana na hutolewa kwa hesabu. Programu za kukadiria shinikizo kwa kawaida huomba ujazo wa ganda lililojaa hadi mdomoni, kisha hutoa zenyewe sehemu ya kichwa. Anayeziingizia tarakimu aliyokwisha kuipunguza huwa amepunguza mara mbili, na shinikizo litakaloonekana kwenye skrini litakuwa la chemba ndogo kuliko aliyo nayo.