Mwizi wa Siri na Aliyemfungulia Mlango

Huenda wengine wakashangaa kuona ukurasa huu, ambao desturi yake ni kuzungumza juu ya malezi na tabia njema, leo ukizungumza juu ya filamu. Lakini senema za siku hizi hazimngoji mtu atoke kwenda kukata tikiti. Zimo majumbani mwetu, zimo viganjani mwa watoto wetu, na aghalabu hutazamwa usiku sisi wazee tukiwa tumelala. Basi yatupasa tujue ni nini kinachotazamwa, tukipime, lililo jema tulishike na lenye upungufu tuliseme.

Filamu yenyewe yaitwa The Great Hack, nayo ilitolewa mwaka 2019 na Jehane Noujaim na Karim Amer, ambao kabla yake walishirikiana katika filamu ya The Square, inayohusu mapinduzi ya Misri ya mwaka 2011. Si hadithi ya kubuni, bali ni habari ya mambo yaliyotokea. Binti yangu ndiye aliyeniita, akaniambia, "Baba, hebu njoo utazame, haya yanatuhusu na sisi." Nikavaa miwani yangu, nikakaa.

Habari yake kwa ufupi ni hii. Mtaalamu mmoja wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Aleksandr Kogan, alitengeneza programu ya maswali juu ya tabia ya mtu, ikawekwa katika Facebook. Watu wapatao 270,000 waliikubali, wakajibu maswali yale. Wasichokizingatia ni kwamba programu ile haikuchukua maelezo yao peke yao, bali ilichukua na ya rafiki zao waliounganishwa nao. Maelezo hayo yakafika kwa kampuni ya Cambridge Analytica ya London, ambayo kazi yake ilikuwa kuwasaidia wanasiasa kushinda uchaguzi. Siri ilipofichuka mwaka 2018, Facebook wenyewe walikadiria kuwa walioguswa huenda wakafika watu milioni 87. Kampuni ile ikafunga milango mwezi Mei mwaka ule ule, na mwaka 2019 Facebook ikatozwa na serikali ya Marekani faini ya dola bilioni 5.

Filamu hii ina wema wake, na si haki kuunyima. Yatuonyesha mwalimu mmoja wa chuo huko New York, David Carroll, ambaye hakutaka fedha wala sifa. Alitaka jambo moja tu, kampuni imwonyeshe yale yote inayoyajua juu yake. Wakakataa, hata walipoamrishwa na ofisi ya Uingereza inayohusika na kulinda maelezo ya watu, mpaka mapema mwaka 2019 wakakiri kosa mahakamani na kutozwa faini ya pauni 15,000. Mtu mmoja mnyonge kusimama na kudai haki yake kwa subira namna ile ni somo zuri kwa vijana wetu.

Tena binti yangu alisema kweli kuwa yanatuhusu. Mwezi Machi 2018 televisheni ya Channel 4 ya Uingereza iliwaonyesha wakubwa wa kampuni hiyo, waliorekodiwa bila ya wao kujua, wakijisifu kuwa walishughulikia chaguzi za Kenya za mwaka 2013 na 2017, na kwamba chama walichokitumikia walikibadilisha sura mara mbili na kukiandikia ilani yake. Chama cha Jubilee kilikubali kuwa kampuni mama, SCL, iliajiriwa mwaka 2017, ila kilisema kazi yake ilikuwa ni nembo na sura ya chama tu.

Hata hivyo nina makosa mawili ya kuitajia filamu hii.

La kwanza, imewasadiki mno wenye kujisifu. Yatuonyesha, kwa mfano, vile kampuni ilivyojigamba kuwa katika uchaguzi wa Trinidad na Tobago wa mwaka 2010 iliwashawishi vijana wasipige kura, huku ikijua kuwa vijana wa asili ya Kihindi siku itakapofika watawatii wazazi wao na kwenda kupiga, na wale wa asili ya Kiafrika watabaki majumbani. Huenda ni kweli, huenda si kweli. Lakini ndugu msomaji, ni mganga gani anayetafuta wateja akasema dawa yake haifanyi kazi? Mwezi Oktoba 2020 ofisi ile ile ya Uingereza ilimaliza uchunguzi wake, ikaona kuwa njia za kampuni hiyo zilikuwa ni zile zile zinazojulikana na wengi katika biashara hiyo, na kwamba katika kura ya Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya haikuwa na mkono wa maana. Ubaya wao wa kupeleleza watu ni ubaya, haupungui kwa hayo. Lakini uchawi hawakuwa nao.

Kosa la pili ni kubwa zaidi. Ukiimaliza filamu hii waondoka umefarijika, kwani mwenye makosa umeshaonyeshwa, naye ni mzungu aliyevaa suti huko London. Wewe ni mwenye kuibiwa tu. Hebu rudi kwenye ile hesabu. Watu 270,000 wamekuwaje watu milioni 87? Kila mmoja aliyefungua mlango wake alifungua pamoja nao milango ya watu zaidi ya 300 ambao hawakuulizwa. Filamu yasema kuwa maelezo ya mtu ni mali yake, naye anayo haki ya kuyadai. Sawa. Lakini sisi tulifunzwa neno zito zaidi kuliko mali, nalo ni amana. Ninayoyajua juu ya jirani yangu si mali yangu hata niyatoe kwa mtu. Suratul Hujurat imetukataza kupelelezana na kusengenyana, na kabla ya hapo imetuamrisha tuichunguze habari ya mtu asiyeaminika, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua kisha tukabaki na majuto.

Majuto hayo nayajua, na ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Mwaka 2017, siku za uchaguzi, katika kundi letu la ukoo la WhatsApp uliingia ujumbe wa sauti. Mtu asiyejitaja jina alisema kwamba katika mtaa wetu, hapa Mombasa, mapanga yanafichwa katika nyumba za watu wa bara. Sauti yake ilikuwa ya mtu mzima, na Kiswahili chake ni chetu. Sikuuliza ametoka wapi. Niliupeleka katika makundi matatu, nikaona nimewafanyia watu hisani kuwatahadharisha.

Pembeni mwa msikiti wetu alikuwapo mama mmoja kutoka bara, auzaye mboga kwa miaka mingi. Mke wangu akikopa kwake, nami wanangu aliwajua kwa majina. Siku ya pili hakununuliwa kitu. Siku ya tatu vijana walisimama mbele ya kibanda chake wakimuuliza maswali. Siku ya nne alifunga vitu vyake akaondoka na watoto wake. Baadaye ikabainika kuwa sauti ile ilikwisha kupita katika miji mingine, ikitajwa mtaa mwingine kila mara. Panga halikuonekana hata moja.

Sasa niambie, hapo ilikuwapo kampuni gani? Nani kutoka London aliyekishika kidole changu? Amekwisha tufunza Mtume (s.a.w.) kuwa yamtosha mtu kuwa mwongo akisimulia kila analolisikia, na hadithi hiyo naijua tangu chuoni, nimeisoma kwa sauti mbele ya mwalimu. Wale wakubwa wa kampuni waliposema katika rekodi ile kuwa watu huendeshwa kwa hofu na matumaini, mimi nilikuwa nimekwisha kuwafanyia kazi bila ya mshahara.

Filamu yamfuata sana bibi mmoja, Brittany Kaiser, aliyekuwa mfanyakazi mkubwa wa kampuni hiyo kisha akaikimbia na kutoa ushahidi. Waitazama safari yake kama kwamba kusema hadharani ndiko kutubu. Wazee wetu walitufunza kuwa kosa lililo baina ya mja na Mola wake lina sharti tatu, kuliacha, kulijutia, na kuazimia kutolirudia. Lakini likihusu haki ya mja mwenzio lipo sharti la nne, nalo ni kumrudishia haki yake au kumtaka radhi. Sharti hilo filamu hailijui, na ndilo linaloninyima usingizi. Nimeulizia habari za mama yule kwa wauza mboga wenziwe mpaka leo, sijampata.

Wenye WhatsApp wenyewe mwaka 2020 waliuwekea mpaka ujumbe uliokwisha kupita mikono mingi, usiweze kupelekwa ila mahali pamoja kwa mara moja. Fedheha iliyoje, mfanya biashara kumwekea Mwislamu mpaka katika jambo ambalo dini yake imekwisha muwekea!

Basi itazameni filamu hii pamoja na watoto wenu, ina faida. Ila ikimalizika msiwaulize watoto mwizi alikuwa nani, kwani hilo watalijua. Waulizeni mlango ulifunguliwa na nani. Kisha kila mmoja na aitoe simu yake, aangalie alichokituma jana.

Nami nakuombeni, mwenye kumjua mama wa mboga aliyekuwa pembeni mwa msikiti wetu, amfikishie salamu zangu, amwambie namtaka radhi. Mwenyezi Mungu atusitiri na ndimi zetu, na vidole vyetu pia. Amin.