Ada ya Jarida la Dini: Elimu Imeuzwa?

Wako wanaosema kuwa mwandishi anayejitegemea, akiwatoza wasomaji ada ya jarida la dini, ameuza elimu. Dalili yao ni hadithi ya Ubada bin Samit (r.a.) na upinde aliopewa na mwanafunzi wake, aliyoipokea Abu Dawud. Hoja hiyo tunaiona pungufu. Baadhi ya maulamaa wameeleza kuwa Ubada alikwisha kufundisha kwa kutaraji thawabu tu. Naye Bukhari amepokea kwa Ibn Abbas (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) aliukubali ujira wa kondoo waliouchukua Masahaba kwa kisomo cha Fatiha. Mashafii wameujuzisha ujira wa kufundisha Qur'ani. Na Mahanafi wa zama za mwisho, zilipokatika posho za Baitulmali, wakaujuzisha kwa kuchelea elimu kupotea. Tena, mwandishi asiyelipwa na wasomaji hutafuta mfadhili, na mfadhili ana lake.

Lakini wanaojuzisha nao wasipitilize. Anayeuliza namna ya kusali, na hana mwengine wa kumuuliza, jibu lake halifungiwi kwa ada. Rai yetu: atoze kwa kazi na gharama zake, mambo ya faradhi ayaache wazi, na asiye na uwezo apewe bure. Wallahu a'lam.